Mpakato

Dukani waliniambia jina lake kompyuta mpakato,
nami tangu Oktoba sijaipakata.
Imelala kabatini kama mgeni wa heshima
ndani ya kitambaa cha miwani,
kitambaa ndani ya sanduku ililokuja nalo,
sanduku ndani ya sweta ya Zorigt, mume wangu,
sweta ya manyoya ya ngamia
aliyoitafuta wiki nzima
nami nikamsaidia kutafuta.

Kukopa harusi. Benki walinipa kalamu na peremende.
Miezi ishirini na minne; nimelipa mitatu.
Kila nikilipa naitoa. Nanawa kwanza,
nakausha mpaka katikati ya vidole,
nazuia pumzi, maana hata pumzi ina mate,
nainua kifuniko kwa kucha mbili.
Kioo cheusi. Uso wangu.
Hakuna alama.
Nafunga.

Kazi bado naifanyia kwenye ile kuukuu:
ramani za mabomba ya maji, vitongoji vya mahema, kaskazini,
herufi N nikiibonyeza kwa ncha ya penseli
na feni ikikoroma hadi jirani wa chini anagonga dari.

Si kwamba sitaki. Ila Ulaanbaatar Januari
ni thelathini chini ya sifuri,
na fundi Galsan wa soko la simu aliniapia
chuma kikitoka baridini kikaingia ndani hutoka jasho,
jasho likashuka kwenye mishipa yake, basi, umezika.
Usiifungue, alisema, ngoja saa mbili.
Kwa hiyo haitoki.
Machi nako kuna vumbi la Gobi,
jembamba kuliko unga, lingeweza kuingia ndani ya yai.
Kiangazi, tutaona.

Nomuun, mtoto wa kaka yangu, ana miaka sita
na vidole vyenye mafuta ya maandazi siku zote.
Alilikuta sanduku. "Shangazi, ndani mna nini?"
Hamna kitu, nikamwambia,
na sikusema uongo:
hata faili moja.

Jumanne usiku ile kuukuu ikakata roho.
Haikuaga. Feni ilinyamaza,
na ule ukimya ndio ulionishtua.
Michoro ilitakiwa saa tatu asubuhi.
Nilifungua kabati, nikakunjua, nikakunjua tena,
na Zorigt, kaamshwa na taa, akaiona sweta yake.
Hakusema neno.
Akaivaa, akarudi kulala.

Mabomba ya joto ya jengo letu yalikuwa yamepasuka tena,
nikafanya kazi kitandani na koti langu,
miguu nimekunja, yenyewe juu ya mapaja.
Ilikuwa na joto.
Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ina joto.
Nilikula mkate juu yake. Nilisahau.
Mtaa wa kumi na saba ukapata maji,
wa kumi na nane ukapata,
na kwenye saa kumi za alfajiri nilicheka peke yangu
kwa jinsi herufi N ilivyokuwa rahisi.

Kulipopambazuka nikauona: karibu na bawaba,
mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele,
kazi ya zipu ya koti.
Kipya kinyemi ijapokuwa kidonda, husemwa;
changu sikukionja unyemi
mpaka kilipopata kidonda.
Hayo nayasema leo. Asubuhi ile nililia,
nikaupaka mate kwa kidole kama mtu atibuye upele,
nikapiga hesabu: miezi ishirini na mmoja bado.

Basi lilichelewa. Ofisini kwa mhandisi
nilikaa kwenye benchi karibu na kipasha joto,
mkoba mapajani, mikono miwili juu yake.
Bwana Tsogtoo akatoa kichwa mlangoni,
akatazama saa. "Haya, tufungue, tuone."

"Bado," nikamwambia.
"Ngoja kidogo. Ametoka baridini."